Mshenga Aliyepakwa Majivu

Ijumaa ile niliingia karakana ya Hiza bila hodi. Iko Old Korogwe, si mbali na mto, na ukipita nje ukasikia chuma kinavyogongwa hujui kama wanatengeneza au wanabomoa. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya geti la mtu, miwani nyeusi usoni, cheche zinamrukia magotini. Alikuwa anaimba.

Anaimba! Mimi wiki nzima chakula hakipiti, baba yangu jioni ya leo anampa mtu mwingine jibu langu, na yeye anaimba.

"Hiza!"

Akazima mashine. Akavua miwani, akaniangalia kuanzia kwenye raba mpaka kwenye mtandio, taratibu, kama anayepima mlingoti.

"Twiga wa Kwamsisi," akasema. "Umekuja kunibadilishia balbu?"

Siku nyingine ningecheka. Macho yake yana kitu, siwezi kukataa, yakikutazama yanakuacha umesahau ulichokuja kusema. Lakini siku hiyo nilikuja nimejiandaa, na nilichoka kucheka. Nilichoka mpaka kwenye mifupa.

Nilimfahamu Hiza kwa sababu ya ringi ya goli. Nilifika chuo cha ualimu hapa Korogwe nikiwa mchezaji wa netiboli, na mwalimu wetu wa michezo, mwalimu Dunstan, alipouona urefu wangu akanihamishia kwenye mpira wa kikapu siku hiyo hiyo. Mwanzoni nilikuwa kichekesho. Kwenye netiboli ukiudaka mpira unasimama, kwa hiyo mimi kila nikidaka nilisimama kama nguzo ya umeme, na mwalimu Dunstan pembeni anakaribia kulia: "Kimbia, Mwaija! Dunda mpira ukimbie!" Basi nikajifunza kukimbia. Siku niliyofunga goli langu la kwanza la kuruka nilijiona malkia, nikaning'inia kwenye ringi kwa kujishaua. Ringi ikang'oka, nikaanguka nayo mbele ya chuo kizima.

Wakamwita fundi wa kuchomelea. Akaja Hiza na mashine yake juu ya pikipiki, akauliza nani kaivunja, nikaonyeshwa. Akauliza ukoo wangu. Nilipomtajia, alitupa nyundo chini akapiga makofi.

"Mtani wangu!"

Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu babu zetu walipozikana wakati wa njaa. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akabeba kuku wako akaondoka naye, akaja kwenye msiba wenu akalala mahali pa maiti, na wewe hukasiriki. Ukikasirika umevunja kitu ambacho hukukijenga wewe. Hiza aliutumia utani huo kwa raha zake zote. Mara ya kwanza alipofika kwetu Kwamsisi, baba yangu, mzee Mhina, alimpokea mlangoni: "Wewe, bado hawajakuzika?" Hiza akamjibu, "Nakusubiri wewe kwanza, mzee, sanda yako iko kwa fundi." Baba alicheka akashika ukuta. Baba yangu, ambaye hata mahindi yakistawi vipi hatabasamu mpaka yaingie ghalani!

Watani wanaoana, hilo halina tatizo. Tatizo ni kwamba Hiza aliniambia ananipenda huku anacheka, akaniambia atanioa huku anacheka, na mimi nikabaki na maneno yale sijui niyaweke wapi.

Mwaka wa pili nikawa nahodha. Kwenye michezo ya vyuo vya ualimu hakukuwa na mpira uliogonga ubao ukarudi bila mkono wangu kuufikia kwanza. Kocha mmoja wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliniona, na nilipomaliza mitihani akanipigia simu: wananitaka timuni, nitasoma shahada hapo hapo, gharama zote juu yao. Jumapili natakiwa kuripoti. Baba alipokea habari hiyo kama mtu aliyepewa kitu kizuri chenye miiba.

"Mtoto wa kike haendi Dar miaka mitatu akiwa hana mwenyewe," alisema. "Akija mtu wa maana, akasema huyu ni wangu na namruhusu akacheze, nenda. Asipokuja mpaka Ijumaa, Awadhi amekwishaniuliza, na mimi nitamjibu."

Awadhi ana duka la vifaa vya ujenzi Handeni mjini. Si mtu mbaya. Ana adabu, anaswali, na amesema wazi kwamba mke wake hatakimbizana na mpira mbele za watu. Nilimwambia mama kuhusu Hiza. Mama alicheka mpaka akatoa machozi. "Hiza? Huyu mtani?" akasema, na akaenda kumhadithia bibi.

Kwa hiyo nilimwambia Hiza mwenyewe, kwa simu, neno kwa neno: tuma mshenga. Akasema sawa. Wiki ikapita, sikuona mshenga wala kivuli chake.

"Leo ni Ijumaa," nikamwambia pale karakana.

"Najua. Nimeoga."

"Hiza, usinitanie! Leo baada ya alasiri shangazi zake Awadhi wanakuja nyumbani. Mkeka umetandikwa. Mama amechinja. Nilikuomba kitu kimoja tu, mtu mmoja mzima aende kwetu aseme maneno matatu ya maana. Kama hunitaki ungeniambia, ningejua moja!"

Uso wake ukabadilika. Akaweka miwani juu ya geti, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye ana hasira.

"Mimi sikukutaka? Mwaija, nyinyi ndio mlionikataa. Nimekaa kimya kwa heshima tu."

"Nani kakukataa?"

"Kwenu! Mshenga wangu kaenda Jumatatu. Bibi yako kampaka majivu uso mzima. Mama yako kampa mchi, katwanga mahindi mpaka mikono ikatoka malengelenge. Halafu wakampa jogoo kilema wakamwambia mpelekee aliyekutuma, huyo ndiye saizi yake. Nikasema haya, nimeelewa, wazee wamesema."

Jumatatu nilikuwa Handeni mjini kufuatilia vyeti vyangu. Niliporudi nyumbani niliwakuta wote wana furaha kama wametoka harusini, bibi anaigiza mtu anayetwanga, mama anajifuta macho. Leo mtani kaja kutuchekesha, waliniambia, kaja anajidai mshenga, anasema wameona ua hapa wanaomba kulichuma. Na mimi, Mwaija Mhina, nilikaa nao uani nikacheka mpaka nikapaliwa na maji.

"Hiza," nikamuuliza polepole, "ulimtuma nani?"

"Ukasha."

"Ukasha ndugu yako? Ukasha wa ukoo wako?"

"Sasa nani mwingine? Ndiye ninayemwamini."

"Ulimtuma mtani akapose kwa watani!" Nilipiga kelele mpaka fundi wa jirani akachungulia. "Wewe kichwani mna nini, mna chuma? Mshenga anatakiwa awe mtu ambaye watu wakimwona wananyamaza! Ukasha alipobisha hodi tu bibi alishakwenda kuchota majivu! Na yeye alisema nini? Bibi kaniigizia. Alisema ua lenyewe refu kama mnazi, tutalichuma na ngazi. Ndivyo watu wanavyoposa?"

"Aliniambia alijaribu kuwa makini," Hiza akasema kwa sauti ndogo. "Lakini baba yako alimuuliza kama kaleta sanda. Ukasha naye ni binadamu. Angenyamazaje?"

Nilikaa juu ya debe tupu nikashika kichwa. Kwa hiyo maisha yangu yote, uwanja, shahada, huyu mwanaume mwenye masizi puani, yamekwama kwa sababu wazee wangu na watani wao hawawezi kukutana bila kuchekana.

"Vaa viatu," nikasema. "Twende Kwamsisi."

"Mimi? Mposaji hajisemei, Mwaija. Ni aibu."

"Aibu kuliko jogoo kilema? Hakuna muda wa kutafuta mtu mwingine. Vaa viatu, Hiza, kabla sijavunja kitu humu ndani."

Akavaa. Alinawa uso, akabadilisha shati, akachukua kofia yake ya kuendea msikitini, na tukaondoka kwa pikipiki yake. Tulipofika Segera akakata kona kuweka mafuta, na mimi nikashuka kunyoosha miguu. Pale njia panda pana kelele zake: wauza machungwa, wauza korosho, makondakta wanavuta watu mikono. Nikaona afadhali tufanye mazoezi. Mimi ni mtu wa mazoezi.

"Mimi ni baba," nikamwambia. "Umefika uani. Sema."

Akajiweka sawa, akakunja uso. "Mzee Mhina, nimekuja..." Midomo ikaanza kumcheza. Niliiona, nikaomba Mungu. "Nimekuja kumchukua twiga wangu."

Akaangua kicheko. Muuza machungwa aliyekuwa karibu naye akacheka, wala hajui anacheka nini.

Kitu kikakatika ndani yangu. Basi la Dar lilikuwa limesimama pale pale, mlango wazi, kondakta ananiita, "Dada mrefu, Dar hii, siti ya mbele ipo!" Nikaenda. Nikaweka mguu kwenye ngazi.

"Mwaija!"

"Niache. Jioni niko Dar, sitaki baraka ya mtu, sitaki mshenga, sitaki mtani. Nimechoka, Hiza. Kila nikikupa kitu kizito unakigeuza mpira."

Alikuja akasimama chini ya mlango. Hakucheka tena.

"Panda," akasema. "Sikuzuii. Lakini niambie kitu kimoja kwanza. Unataka mimi nije kwenu, au unataka yeyote aje, mradi baba yako akuruhusu ukacheze?"

Swali lile lilinichoma. Lilinichoma kwa sababu aliliuliza akinitazama machoni, na macho yake hayakuwa na mzaha hata chembe. Sikujua kwamba na yeye alikuwa amelibeba wiki nzima.

"Kocha wa Dar aliponipigia simu," nikasema, "mtu wa kwanza niliyetaka asikie ni wewe. Kabla ya baba. Kabla ya mwalimu Dunstan. Nikakupigia. Unakumbuka ulisema nini?"

Akatazama chini. "Nilisema itabidi wainue paa la ukumbi."

"Nikakata simu nikalia. Ningekuwa nataka yeyote ningelia? Nakupenda, mpumbavu wewe! Nakupenda, na unanichosha!"

"Dada, unapanda hupandi?" kondakta akauliza.

"Hapandi!" Hiza akamjibu kabla yangu.

Basi likaondoka likatuachia vumbi. Tulisimama pale tunatazamana kama watu waliopigana. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni:

"Nikikutania ukakataa, tumecheka, yamekwisha, kesho naja tena. Nikikuambia kweli ukakataa, nitakuja na uso gani? Wewe unakwenda mbali, Mwaija. Mimi nachomelea mageti. Nimeogopa tangu siku ya ringi."

Mikono yake ilikuwa inanukia mafuta na sabuni. Niliishika hapo hapo, mbele ya muuza machungwa, mchana kweupe.

"Basi leo ogopa hivyo hivyo," nikamwambia, "lakini usicheke."

Tukashika barabara ya Dar, kisha tukaiacha tukaingia kwenye vumbi la kwenda kwetu. Mashamba ya mahindi yakapita, baiskeli zikapita, na kila tulipokaribia nilihisi mgongo wake unakuwa mgumu kama ule ubao wa goli. Nilikuwa nimecheza fainali nikiwa na homa, sikuogopa. Siku ile niliogopa.

Shangazi zake Awadhi walikuwa hawajafika. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa uani, baba amekaa pembeni yake na kanzu safi, mama anahangaika na masufuria. Pikipiki ilipozimwa, baba alimwona nani ameiendesha, na uso wake wote ukafunguka.

"Eh! Wamekurudisha toka kaburini?" akasema kwa nguvu. "Wamekuonja wakakuona mchungu?"

Mama akaanza kucheka huko huko jikoni. Bibi alikuwa ameketi kizingitini; alipomwona Hiza aliinuka kwa wepesi ambao haupatikani akitumwa kitu kingine chochote, akaingia ndani. Nilijua amekwenda kuchota majivu. Nikasema moyoni, imekwisha. Nikamtazama Hiza. Niliona jibu limemjia, nililiona kabisa, zuri, limekaa kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

Akavua viatu. Akatembea mpaka ukingo wa mkeka, akainamisha kichwa, mikono ameiweka pamoja mbele.

"Shikamoo, baba."

Kicheko cha mama kikakatika katikati.

Sijui niwaeleze vipi. Mtani hamwamkii mtani. Tangu nimjue Hiza, na tangu baba yangu awajue watu wa ukoo ule, hakuna shikamoo iliyowahi kupita kati yao. Salamu zao ni sanda na makaburi. Neno hilo, ambalo baba anaamkiwa nalo na kila mtoto wa njiani, lilisimama pale uani kama mgeni ambaye hakuna aliyemtegemea.

Baba akatabasamu nusu. "Umekunywa nini, wewe?"

"Shikamoo, baba," Hiza akarudia. Sauti yake haikucheka. "Ukasha aliyekuja Jumatatu nilimtuma mimi. Hakuwa anatania. Nilikosea kumtuma mtani, naomba radhi. Namtaka Mwaija. Namtaka aende Dar akacheze, asome, amalize, na mimi nitamsubiri hapa hapa."

Tabasamu la baba likaondoka polepole. Akamtazama Hiza, akanitazama mimi, na mimi sikuinamisha macho. Nilisema, "Ni kweli, baba. Nilimwambia mama. Mlicheka." Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi, mdomo wazi.

Shikamoo haiachwi ikaning'inia. Hata adui yako akikuamkia unaitika. Lakini baba alikawia, na katika kukawia kule nilimwona anapima, na niliona kwamba kinachomuuma si mpira wala Dar. Akijibu, hatakuwa na mtu wa kumwambia bado hujazikwa. Mkwe hatukanwi. Mkwe anaheshimiwa, anatengewa maji ya kunawa, anaulizwa hali ya nyumbani.

"Ulikuwa mtani wangu mzuri," baba akasema.

"Najua, baba."

"Ulikuwa unanichekesha sana."

"Najua."

Baba akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyechokozwa na Mungu mwenyewe. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Pita ukae. Mama Mwaija, nipe simu nimwambie Awadhi wasiendelee kupoteza mafuta." Kisha akamnyooshea Hiza kidole. "Ila mposaji hajisemei. Kesho ulete mshenga. Akija Ukasha, namzika kweli."

"Nitamleta mwalimu Dunstan, baba."

"Na Jumapili? Nani anampeleka huyu Segera kupanda basi?"

"Mimi, baba."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo, nikalia kama mtoto, na Hiza alitaka kuja akakumbuka amekaa mbele ya mkwe, akabaki ananitazama tu kutoka upande wa pili wa mkeka. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, mpole, hana hata neno moja la kuchekesha. Miaka miwili nimemwomba awe hivyo. Sikutegemea nitamkumbuka yule mwingine upesi namna ile.

Bibi ndiye aliyekuwa hajasikia. Alitokea mlangoni mbio mbio, konzi ya majivu imejaa, uso unang'aa kwa furaha, akafika katikati ya ua ndipo akaona sisi wote tumenyamaza. Akamtazama Hiza juu ya mkeka wa wageni. Akamtazama baba na simu sikioni.

"Amemwamkia baba shikamoo, mama," mama akamwambia kwa sauti ya chini. "Na ameitikiwa."

Bibi akafungua kiganja akayatazama majivu yake.

"Sasa haya," akauliza kwa uchungu, "nimpake nani?"